Tairi Lililokuwa Chini ya Mwenye Duka

Barua ilifika saa tatu kasorobo, mkononi mwa kondakta wa basi la kwanza kutoka Muhoroni, imekunjwa mara nne hadi ikawa ndogo kama kidonge cha karatasi. Joram Obiero aliisoma amesimama mlangoni kwake Manyatta, kikombe cha chai mkononi. Maneno yalikuwa machache, kama ya mtu anayelipia kila neno:

"Yule mweupe analia tangu alfajiri. Anapanda wenzake. Hii ni mara ya tatu. Njoo leo. Tom pia nimemwandikia. Selpha."

Sentensi ya Tom aliisoma mara mbili. Akakiweka kikombe chini bila kukimaliza.

Asiyefuga ng'ombe wa maziwa anaweza kudhani hapo hakuna haraka. Iko. Ng'ombe aliyeanza kulia alfajiri hupandishwa jioni ileile. Ukingoja kesho joto limepoa, na utangoja wiki tatu nyingine huku mwenye ng'ombe akinunua majani, akikosa maziwa, akikutukana. Joram ndiye aliyekuwa fahali wa watu hao. Hakuwa na zizi wala kamba. Alikuwa na mtungi wa chuma cheupe, mkubwa kama debe la maziwa la kiwandani, na ndani yake baridi inayofuka moshi, na ndani ya baridi hiyo mirija myembamba yenye mbegu za madume ambayo hayajawahi kukanyaga Kisumu. Watoto wa vijijini walimwita Baba Mtungi. Wakubwa walimwita Daktari walipomhitaji, na yule mzee wa pikipiki walipokuwa wamemlipa.

Miaka kumi na mmoja aliifanya kazi hiyo kwa serikali. Mwaka uliopita, tisini na mbili, serikali ilipunguza watu, naye akapunguzwa. Hakulia. Alichukua kile alichopewa cha kwaheri akaenda kwenye mnada wa magari chakavu, akanunua Yamaha ileile aliyokuwa akiipanda siku zote, na aliibishania bei kama mtu ambaye hajawahi kuiona maishani mwake. Mtungi aliununua siku hiyohiyo. Hapo pesa zikaisha, na maisha mapya yakaanza.

Selpha Apiyo alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji, kando ya mashamba ya miwa unapokaribia Muhoroni. Ng'ombe arobaini na kitu. Nusu ya chakula cha Joram ilitoka kwao. Ng'ombe mweupe wa Selpha alikuwa amepandishwa mara ya kwanza, hakushika. Hiyo ni kazi ya Mungu na haina lawama. Mara ya pili Joram alipata pancha Chemelil, akafika kesho yake saa mbili asubuhi, ng'ombe akamwangalia kama deni la zamani. Hiyo haikuwa kazi ya Mungu. Selpha alimwambia mbele ya wanawake wote, bila kupaza sauti: "Mara ya tatu, Daktari, sitangoja." Na Tom alikuwapo tayari: kijana wa upande wa Kericho, pikipiki mpya, mtungi mpya, meno meupe.

Kwa hiyo Joram alitoa pikipiki nyuma ya nyumba, akaweka mtungi kwenye kiti cha chuma alichouchomelea, akaukaza kwa mipira minne. Kisha, kama alivyozoea, akalizungusha gurudumu la nyuma polepole huku kiganja kikipita juu ya tairi.

Kiganja kikasimama.

Ubavuni palikuwa na nundu. Si kubwa; kama nusu ya yai. Aliibonyeza, ikarudi. Aliinama akaona ufa mdogo, na ndani ya ufa, nyuzi nyeupe kama minofu ya samaki.

Tairi la mbele likipasuka, mtu huumia mwenyewe. La nyuma likipasuka na mtungi uko juu yake, mtungi unakwenda chini kwa ubavu, shingo yake ya ndani inapasuka, baridi inatoka, na kufikia magharibi mirija yote mia mbili ni maji machafu. Mtungi mwingine hakuwa na njia ya kuupata, leo wala mwaka ujao. Na mpaka kwa Selpha ni kilomita arobaini na tano za mashimo, matrekta na matope ya Aprili.

Aliushusha mtungi, akaurudisha ndani kivulini, akaanza kuisukuma pikipiki kwa miguu kuelekea soko la Kibuye.

Opiyo wa matairi alimwona kwa mbali akaanza kucheka. Alikuwa ameketi juu ya rundo la mali yake kama kuku juu ya mayai.

"Jaduong' Obiero! Mzee wangu, umekuja kunishukuru?"

"Nimekuja kukuonyesha mtoto wako. Ameota jipu."

Opiyo aliinama, akaona, akanyanyuka haraka. "Hii nilikuuzia ikiwa na meno marefu kama ya mbwa. Wewe mwenyewe uliingiza kidole, ukaniambia, hii bado ndama. Mimi nilisema kitu?"

Ilikuwa kweli, na ndicho kilichomuuma. Kabla ya kuajiriwa na serikali, Joram alikuwa mswaga ng'ombe wa soko la Ahero, kijana asiye na viatu anayemnunulia tajiri. Huko alijifunza kwamba ng'ombe husomwa mdomoni: fungua taya, hesabu meno, usimsikilize mwenye mali. Ujuzi huo ulimpa mke, nyumba na heshima. Na siku ile aliyohitaji tairi alikuja Kibuye na ujuzi huohuo, akaangalia meno, akayakuta marefu, akalipa. Hakujua kwamba mafundi wa pale humchukua mzee kipara, tairi lililokwisha meno, wakapasha kisu motoni na kumchongea meno mapya ndani ya nyama iliyobaki, kisha wakampaka rangi ya viatu. Meno yanakuwa marefu kwa sababu nyama imekuwa nyembamba. Tairi halisomwi mdomoni. Husomwa ubavuni.

"Nionyeshe nyingine," alisema. "Na ukinionyesha iliyochongwa, nitaisema kwa sauti ambayo soko zima litasikia."

"Ai, Mzee! Tunaongea tu."

Opiyo alitoa matairi matano. Joram aliyaweka chini kwa mstari. La kwanza alilinusa: harufu ya mpira ulioungua. Akalisukuma pembeni. La pili aliingiza ukucha chini ya jino, ukagusa nyuzi. Pembeni. La tatu aliligeuza ndani nje kama soksi akakuta kiraka kikubwa kama kitumbua. La nne lilikuwa zima, ila la mbele, jembamba. Opiyo aliapa kwa mama yake kwamba ringi ya nyuma italipokea ikilazimishwa.

"Hata punda atapokea tandiko la farasi akilazimishwa," Joram alisema. "Atakayeanguka ni nani?"

La tano alikaa nalo muda. Mbavu zake zilikuwa laini, ndani safi, meno ya wastani. Moyo ulianza kupanda. Kisha akapitisha kidole ukingoni, pale tairi linapokaa kwenye ringi, akahisi waya umevunjika na kuunganishwa kwa kamba ya nailoni.

Jua lilikuwa limepanda. Saa tano. Opiyo alikwisha kuacha kucheka. Hata yeye sasa alikuwa anaona kwamba mzee hana mchezo.

"Sikia, Jaduong'. Saizi yako mpya iko mahali pamoja tu mji huu. Kwa Muhidin, Kaloleni. Moja tu, inaning'inia mlangoni. Lakini nenda na pesa za mahari."

Muhidin alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia safi na ulimi usio na haraka. Duka lake la vipuri lilikuwa mbele ya nyumba yake. Nyuma ya pazia ilikaa familia, na nyuma ya nyumba palisikika ng'ombe akicheua. Tairi lilining'inia mlangoni kweli, na karatasi ya kiwandani bado imebandikwa kifuani.

"Elfu moja mia tano," alisema Muhidin kabla ya kuulizwa.

"Bwana Muhidin, mwezi uliopita ilikuwa mia tisa."

"Mwezi uliopita hata sukari ilikuwa sukari. Uliza dola, Mzee, usiniulize mimi."

Mfukoni Joram alikuwa na mia tisa na ishirini. Hakuitaja. Alilitungua tairi, akaliweka gotini, akalikunja kwa nguvu mpaka meno yakaachana. Chini ya kila jino, pale linapoota, palikuwa na nyufa ndogondogo, kama kisigino cha mwanamke aliyelima miaka hamsini bila viatu.

"Hili limening'inia juani tangu lini?"

"Hiyo ni mpya. Ina karatasi."

"Hata maiti huvaa sanda mpya."

"Astaghfirullah, Mzee!" Lakini alitabasamu, na Joram alilihesabu tabasamu hilo.

Kulikuwa na ubaya mwingine pia. Meno ya tairi lile yalikaa karibukaribu, yamebanana kama mahindi gunzini. Kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano, njiani kwenda kwa Selpha, meno ya namna hiyo hujaza tope, tope hupanda likajaza chini ya madigadi ya kukinga tope, na mwisho gurudumu linakwama kama limefungwa kamba. Afadhali pengo. Udongo ule unataka meno machache, yaliyoachana, yatakayotema tope kila yanapozunguka.

"Mia nane," Joram alijaribu, kwa sababu mdomo hauchoki kujaribu.

"Elfu moja mia nne, na ni kwa sababu una mvi."

"Mvi zangu zina thamani ya mia tu?"

"Zingekuwa nyeusi ningekutoza elfu mbili."

Hapo palikuwa na ukuta, na wote wawili walijua. Hata angepata pesa zote, angekuwa amenunua tairi la kumwangusha njiani. Joram alitoka nje akaketi ngazini. Saa sita na robo. Alipiga hesabu ya njia kichwani: saa tatu kwa matope, labda zaidi. Na Tom angekuwa ameshapata barua yake.

Ndipo alipoona. Kivulini, kando ya ukuta, ilisimama pikipiki ya Muhidin mwenyewe. Yamaha kama yake, ila nyekundu. Gurudumu la nyuma lilikuwa na tope kavu jeusi. Tope jeusi hupati Kaloleni. Muhidin alikuwa akipeleka vipuri vya matrekta Miwani, kwenye miwa, na alikuwa akienda na kurudi.

Joram alinyanyuka bila haraka, kama mtu anayenyoosha mgongo. Alichuchumaa. Meno yalikuwa yamelika nusu, mapana, yameachana. Alipitisha kiganja ubavuni, kushoto, kisha kulia. Laini, bila ufa, bila jasho la rangi. Alisukuma kwa kidole gumba: ukarudi kama mkate mzuri. Alishangaa kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri hivi: ukitaka kujua muuzaji anaamini nini, usiangalie kilichoning'inia mlangoni, angalia anachokikalia.

"Bwana Muhidin. Niuzie hili."

Muhidin alitoka akiwa na ufunguo mkononi. Alikuwa anafunga duka aende kuswali. "Lipi? Hilo? Hilo haliuzwi. Hilo ni langu."

"Wewe chukua lile jipya la mlangoni. Ulivae."

"Mimi? Nikafie Miwani?"

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Nyuma ya pazia mwanamke alicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekingoja kwa miaka. Pazia lilisogea akatokea Rehma, mke wa Muhidin, mikono ina unga hadi viwikoni.

"Umeshikwa, Baba Saumu. Mzee, karibu. Si wewe yule daktari wa ng'ombe wa mtungi?"

"Ndimi, Mama."

"Basi Mungu amekuleta. Nina ng'ombe hapo nyuma. Miezi mitano nimempeleka kwa dume la jirani mara mbili, tumbo liko vilevile. Bwana yangu anasema ni tasa. Mchinjaji wa Obunga anakuja kumchukua leo baada ya alasiri. Nimwambie nini?"

"Mwambie karibu," alisema Muhidin. "Tumemlisha vya kutosha."

Joram alitazama saa yake. Dakika kumi za kupima, dakika arobaini za kufungua magurudumu mawili na kuvisha. Ilikuwa inawezekana, kwa shida. Akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Nitampima," alisema. "Lete sabuni na maji ya vuguvugu."

"Na bei yako?" aliuliza Muhidin, ambaye hakuzaliwa jana.

"Tutaongea nikiwa ndani."

Ng'ombe alikuwa mwekundu, mtulivu, mbavu zake zimefunikwa vizuri. Walimbana kati ya ukuta na mlango wa choo. Joram alipaka sabuni mkono wa kushoto mpaka begani, akaukusanya mkono kama ncha ya mkuki, akauingiza taratibu chini ya mkia. Ng'ombe alishusha pumzi. Shavu la Joram lilikaa kwenye paja lake, macho yakiangalia ukuta ambao hakuuona. Vilivyokuwa vikiona ni vidole.

Tumbo la uzazi halikuwa mahali pake. Lilikuwa limezama, zito, limeteremka ukingoni kama mtu anayeinama kisimani. Juu yake vidole vilikuta vijiuvimbe vilivyojipanga, kama njugu kwenye kitambaa. Akautafuta mshipa mkubwa wa ubavuni. Aliupata. Haukudunda kama mishipa mingine. Ulivuma, kama nyuki ndani ya mzinga.

Miezi minne. Labda na wiki moja.

Uso wake haukusema kitu. Uso huo ulikuwa umesomea Ahero.

Wazo moja lilimpita kichwani, hakuna haja ya kuficha. Angeweza kusema "tasa", akamfuata mchinjaji mpaka kona ya kwanza, akamnunua ng'ombe mwenye mimba kwa bei ya nyama. Aliligeuza wazo hilo, akalitazama mbavu kama alivyotazama matairi, akaliacha. Leo hakuhitaji ng'ombe. Alihitaji kufika. Na mtu mwenye duka Kaloleni ni jirani wa mji mzima. Uongo wake ungerudi nyumbani kabla yeye hajarudi.

"Sema, basi, Mzee!" Rehma alisema. "Ni nini?"

"Tairi kwanza."

"Nini?"

"Habari iko mkononi mwangu. Tairi liko chini ya bwana wako. Tubadilishane. Tairi hilo la pikipiki nyekundu, nami nakupa mia tano juu, na fundi wako anivishe sasa hivi."

Muhidin alikasirika kikweli. "Huu ni wizi! Unanishika kooni na mkono uko ndani ya ng'ombe wangu!"

"Ng'ombe wangu," alisema Rehma.

"Na kama ni tasa? Nitakuwa nimetoa tairi langu kwa habari ninayoijua tayari?"

"Kama ni tasa, mchinjaji anakuja leo, na hutamlisha hata siku moja ya ziada ukijiuliza. Kama si tasa..." Joram aliinua bega ambalo lilikuwa huru. "Wewe ni mfanyabiashara. Habari hii alasiri haitakuwa na bei tena."

Ng'ombe alitikisa mkia ukampiga Joram sikioni. Kutoka msikitini mwadhini alianza kusafisha koo kwenye kipaza sauti. Muhidin alitazama mlango, akatazama ng'ombe, akamtazama mkewe. Na kati ya vitu hivyo vitatu ni mkewe aliyekuwa karibu zaidi.

"Muhidin," alisema Rehma polepole. "Toa tairi."

"Mia saba," alisema Muhidin.

"Mia sita, na usinitazame hivyo, mkono unanifa ganzi."

"Mia sita. Abeid! Lete vyuma!"

Abeid, fundi wa duka, aliingia kazini. Joram alitoa mkono, akanawa mara mbili, akavaa shati, akaenda kusimama juu ya fundi. Akangoja mpaka tairi la Muhidin lilipotoka kwenye ringi. Aliligeuza ndani nje, akalipitia lote kwa vidole, ukingo hadi ukingo, waya wa kushoto, waya wa kulia. Hakuna kiraka. Hakuna kamba. Alitoa mia sita akamwekea Muhidin kiganjani.

"Mama," alisema ndipo. "Mwambie mchinjaji arudi na kisu chake. Miezi minne. Mwezi wa tisa utauza maziwa."

Vigelegele vya Rehma vilifika barabarani. Muhidin alisimama na pesa mkononi; kisha akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Na ulijua tangu dakika ya kwanza."

"Ya pili," alisema Joram. "Ya kwanza nilikuwa natafuta."

"Nenda, Mzee. Nenda kabla sijakuuzia na lile la mlangoni." Akaenda zake msikitini, na kila hatua tatu alitikisa kichwa.

Ilikuwa saa tisa kamili alipotoka Manyatta na mtungi nyuma. Alipita Kondele, akapita Mamboleo, na mbele yake wingu jeusi lilikuwa limeketi juu ya Miwani kama mtu asiye na nia ya kuondoka. Kabla ya saa kumi lilimnyeshea. Matrekta ya miwa yalikuwa yamemwaga tope barabarani, na vipande vya miwa vilivyoanguka vilichomoza kama pembe. Trekta moja lilimlazimisha ukingoni kabisa. Gurudumu la nyuma likateleza nusu mita, likashika, likateleza tena, likashika. Alihisi mtungi ukivuta upande mmoja, ukarudi. Alibana magoti kwenye tangi mpaka Chemelil.

Pale alisimama, akashuka mvuani, akaweka kiganja ubavuni mwa tairi. Vuguvugu tu. Hakuna nundu. Akapanda tena.

Kilomita tatu za mwisho ziliacha barabara na kuingia udongo mweusi. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetokea chini ya mawingu, rangi ya chungwa, vidole vitatu juu ya miwa. Aliendesha polepole, miguu imetanuliwa kama bata, akisikia nyuma yake tope likitemwa: pwa, pwa, pwa. Hakuwahi kusikia sauti tamu zaidi.

Kwenye kona ya mfereji alimkuta Tom.

Pikipiki mpya ilikuwa imesimama wima peke yake, bila hata kuegemea kitu. Tope lilikuwa limeishika pande zote. Tairi lake jipya, la meno yaliyobanana, halikuonekana tena. Chini ya madigadi palikuwa na udongo mgumu kama tofali. Tom, tope mpaka magotini, alikuwa akiuchokoa kwa kijiti.

"Baba Obiero! Afadhali umekuja. Nisaidie kusukuma, tumefika karibu."

Joram alitazama jua. Vidole viwili na nusu. Akimsaidia, watafika pamoja, na kijana atashuka na mtungi wake mpya na meno yake meupe.

"Nikirudi," alisema. "Nikirudi nitakusukuma. Upande wa nyumbani."

"Mzee!"

Akapiga honi mara moja, kwa maana adabu haina bei, akapita.

Selpha alikuwa amesimama kando ya kibanio cha kumfungia ng'ombe, kanga kiunoni, fimbo mkononi. Ng'ombe mweupe alikuwa ndani, mkia umeinuliwa kando, anatetemeka mgongo ulipoguswa. Bado. Joto lilikuwa halijapoa.

"Nilidhani nitasikia pikipiki ya Tom," alisema Selpha.

"Tom yuko kwenye mfereji, Mama. Analima."

Selpha hakucheka. Aliangalia pikipiki, akaangalia mtungi, akaangalia mbali kuelekea kona. Joram alikwisha kufungua kifuniko, moshi baridi ukamwagika juu ya vidole vyake, akatoa mrija mmoja kwa koleo. Akampandisha ng'ombe. Alipomaliza, jua lilikuwa limegusa miwa.

"Na asiposhika?" aliuliza Selpha.

"Siku ishirini na moja zitatuambia."

"Zitaniambia mimi. Akilia tena, Daktari, sitakuandikia. Nitamwandikia Tom peke yake. Hilo nakuambia usoni."

"Usoni ni pazuri," alisema Joram. Akarudi kwenye mfereji, akamsukuma Tom upande wa nyumbani kama alivyoahidi.

Siku zilikwenda. Siku ya ishirini na moja basi la kwanza lilifika, kondakta akainua mikono mitupu. Ya ishirini na mbili, mikono mitupu. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari njema. Kwa Joram haikuwa habari yoyote, kwa sababu kama ng'ombe amelia, barua ilikuwa imekwenda upande wa pili, Kericho. Alikunywa chai bila kuisikia ladha. Kila asubuhi alizungusha gurudumu la nyuma, kiganja juu ya tairi, ingawa hakuwa na pa kwenda.

Siku ya ishirini na nne kondakta alikuja na karatasi imekunjwa mara nne.

"Yule mweusi wa mwenzetu Lornah analia tangu alfajiri. Mweupe wangu ametulia. Njoo leo. Selpha."

Joram aliisoma. Kisha akaigeuza, akaangalia nyuma ya karatasi, akarudi mbele, akitafuta sentensi ya Tom. Haikuwapo. Akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, akamaliza chai yake yote, akaenda kupakia mtungi.